Filamu za matamasha, mlimani kwetu

Leo tuweke kando misimbo na hifadhidata, tuzungumzie filamu. Si filamu za Kihindi, wala za Kichina za mateke. Nazungumzia zile ambazo hakuna anayeuawa wala anayeolewa: watu wamesimama jukwaani wanapiga muziki, kamera inawatazama, basi. Filamu za matamasha ya roki. Kwa asiyezipenda, hakuna kitu cha kuchosha kama hicho. Anayezipenda huitazama moja mara hamsini na bado atakukata kauli katikati ya mazungumzo: "Ngoja! Angalia kidole chake hapo!"

Nimekulia upande wa mashariki wa Mlima Kenya, kwenye ile barabara inayotoka Embu, ikapita Runyenjes na Chuka hadi Meru, na mashabiki wa aina hii nimewajua tangu utotoni. Ukitaja Meru watu wanafikiria miraa. Ukitaja Embu wanafikiria muguka na kahawa. Hakuna anayefikiria Jimi Hendrix. Lakini wapo, na wako wengi kuliko unavyodhani: fundi wa redio, mwalimu mstaafu, dereva wa matatu, na siku hizi wanafunzi wa vyuo vikuu.

Swali langu ni la historia. Filamu hizi zilitufikiaje, na zikawa nini zilipofika? Mapenzi ya shabiki wa London na ya shabiki wa Embu kwa filamu ileile hayafanani. Yule wa London alikuwa na njia ya kwenda tamashani. Akikosa tiketi mwaka huu, alingoja mwaka ujao. Kwake filamu ni ukumbusho. Sisi, Led Zeppelin hawakuwahi kupiga Kinoru, wala Queen hawakuwahi kupiga uwanja wa Embu. Filamu haikuwa ukumbusho wa tamasha. Ilikuwa ndiyo tamasha lenyewe, na nafasi yako ilikuwa kwenye benchi la mbao, mbele ya televisheni ya inchi 14.

Kwanza mashine, maana hapo ndipo uhondo ulipo.

Kamera za wakati ule hazikuwa na kadi ya kumbukumbu. Zilikuwa na kasha la filamu. Kasha la futi 400 la filamu ya milimita 16, kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, linakwisha baada ya dakika 11 hivi. Kasha la futi 1,000 la milimita 35 nalo ni dakika 11. Sasa fikiria bendi inaanza wimbo wa dakika 9, na kasha lako limeshatumika dakika 3. Utaishiwa kabla ya mwisho, na huwezi kuwaambia wanamuziki wakungoje. Kwa hiyo wapiga picha walipanga zamu: huyu akibadilisha filamu, yule anaendelea. Kama umewahi kuandika programu yenye kazi nyingi zinazokwenda sambamba, tatizo hili unalijua. Zamu zikigongana, wote wanasimama kwa pamoja, na kilichopita kimepita.

Na ziligongana kweli. Tarehe 25 Novemba 1976, kundi la The Band lilipiga tamasha lake la kuaga katika ukumbi wa Winterland, San Francisco. Martin Scorsese aliliandalia filamu ya milimita 35, akapanga kila wimbo mapema, kamera ipi iwe wapi na mstari gani wa wimbo uangaliwe na nani. Filamu ikatoka mwaka 1978, The Last Waltz. Pamoja na mpango wote huo, Muddy Waters alipopanda jukwaani kamera zilikuwa zinabadilishwa filamu, isipokuwa moja tu iliyokuwa mikononi mwa László Kovács. Ndiyo maana mzee yule unamwona karibu muda wote kutoka upande mmoja. Hakuna kurukaruka. Kamera imemkazia macho kama mtu aliyesahau kupepesa. Waulize mashabiki wa filamu hiyo ni kipande kipi wanachokipenda, wengi watakutajia hicho, kilichookolewa na bahati.

Led Zeppelin nao walipigwa picha Madison Square Garden, New York, mwezi Julai 1973. Walipokaa kuzitazama zile picha wakakuta mapengo. Nyimbo zilikuwa na sehemu zisizo na picha. Ikabidi mwaka 1974 wajenge jukwaa ndani ya studio za Shepperton, Uingereza, wavae nguo zilezile na kujifanya wako New York. John Paul Jones alikuwa amenyoa, ikabidi avae nywele za bandia. Shabiki wa kweli wa The Song Remains the Same, iliyotoka mwaka 1976, anaweza kukuonyesha ni wapi nywele ni za Mungu na ni wapi ni za duka. Hapo hatazami tena muziki, anafanya upelelezi. Na hiyo, kwa maoni yangu, ni nusu ya utamu wenyewe. Mtu aliyekuwa ukumbini aliona mara moja, kwa mbali, na labda alikuwa amelewa. Mwenye kanda anarudisha nyuma.

Nina mapenzi maalumu na filamu ya Pink Floyd huko Pompeii, iliyoongozwa na Adrian Maben na kupigwa Oktoba 1971 katika uwanja wa kale wa Warumi. Ilipigwa bila hadhira. Ukiacha mafundi, mawe matupu. Hilo ndilo tamasha ambalo shabiki wa London na shabiki wa Runyenjes walilikosa kwa usawa.

Haya, sasa tupande mlima.

Kabla ya video kulikuwa na gari la sinema. Lilianza enzi za mkoloni na likaendelea baada ya uhuru: gari linafika uwanjani jioni, shuka jeupe linatandazwa, watu wanakaa chini. Sinema za ukulima bora, za afya, matangazo ya sabuni. Roki haikuwemo. Roki ilikuja na deki ya video katika miaka ya 1980, na deki inataka umeme.

Hapa kuna kichekesho kichungu. Umeme mwingi wa Kenya ulikuwa unazalishwa mlangoni kwetu. Mto Tana, kwenye mpaka wa Embu na Ukambani, ulijengewa mabwawa matano mfululizo: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Nyaya nene zikapita juu ya Mbeere kwenda Nairobi. Chini ya nyaya hizo watu waliwasha koroboi. Kwa hiyo kibanda cha video kilikuwa mahali penye umeme, yaani mjini, au penye jenereta. Na jenereta ilikuwa inapigishwa nje ya kibanda kwa sauti ya kushindana na gita lolote. Nimewahi kumsikia mtu akiapa kwamba kwenye wimbo fulani kuna besi nzito sana. Ile besi ilikuwa jenereta.

Mchana kibanda kilionyesha Bruce Lee. Filamu za muziki zilikuja usiku sana, zikiletwa na watu wachache waliotoka nazo Nairobi, kanda zilizonakiliwa kutoka kwa nakala za nakala. Walio na jamaa Marekani waliletewa kanda halisi wakafurahi, kisha wakaitia kwenye deki. Picha ikaruka, ikapoteza rangi, ikapasuka mistari. Marekani walitumia mfumo wa NTSC, takriban picha 30 kwa sekunde. Kenya, kama Uingereza, ilifuata PAL, picha 25. Kanda ile haikuwa mbovu. Ilikuwa inaongea lugha nyingine.

Na sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya yote.

Filamu ya sinema ina picha 24 kwa sekunde. PAL inataka 25. Pungufu ni picha moja tu, na dawa iliyotumika ilikuwa rahisi mno: filamu iliendeshwa kwa 25 badala ya 24. Asilimia nne zaidi. Macho hayatambui. Lakini masikio? Sauti ikienda haraka kwa kiasi hicho inapanda kwa karibu sehemu saba katika kumi za nusu toni. Kila filamu ya tamasha iliyopigwa kwa picha 24, na ikatufikia kwa kanda ya PAL iliyotengenezwa hivyo, ilitufikia ikiwa imepanda sauti na kupungua muda. Woodstock ya mwaka 1970 ina dakika 184 kwenye sinema. Kwenye PAL inakuwa dakika 177 kasoro kidogo. Dakika saba zimemezwa. Faida yake ni kwamba inaingia yote katika kanda moja ya E-180, zikabaki dakika tatu za mchangamchanga.

Mjini Embu kuna mzee mmoja fundi wa redio. Sitamtaja jina, nitamwita Fundi, kama anavyoitwa na kila mtu. Alinunua kanda ya namna hiyo mwaka 1987, kwa hela za kutengeneza redio za watu. Alijifunza gita kwayo. Si kwa kitabu, si kwa mwalimu. Hendrix kwenye televisheni, Fundi kwenye kigoda.

Alinieleza siri moja ambayo sikuwahi kuifikiria. Hendrix alipiga kwa mkono wa kushoto. Fundi anapiga kwa wa kulia. Ukikaa ukimtazama mtu wa mkono wa kushoto uso kwa uso, shingo ya gita lake inaelekea upande uleule wa shingo ya gita lako. Skrini inakuwa kioo. Kidole chake kikienda kushoto kwako, nawe unakipeleka kushoto. Mpigaji wa mkono wa kulia angemlazimu ageuze kila kitu kichwani. "Wengine wote walinichanganya," aliniambia. "Huyu alikuwa kama mimi mwenyewe, ila ana akili."

Hendrix, pale Woodstock, alikuwa amelegeza nyuzi zake kwa nusu toni nzima chini ya kawaida. Ndivyo alivyopenda. Kanda ya Embu ikaipandisha sauti ile kwa sehemu saba katika kumi. Matokeo yake ni sauti iliyo chini ya kawaida kidogo tu, sehemu tatu katika kumi za nusu toni. Kwa hiyo Fundi alifunga nyuzi za gita lake karibu na kawaida, akazilegeza kidogo sana hadi zikaendana na kanda, na tangu hapo hajawahi kuzigusa. Bendi yoyote iliyomwita apige harusini ilimkuta hivyo. Walimwambia amelegea. Aliwaambia wao ndio wamekaza.

Miaka michache iliyopita aliniomba nimnakilie kanda yake iingie kwenye kompyuta, maana deki yake ilikuwa imeanza kutafuna. Nikaifanya kazi hiyo kwa furaha. Nilisafisha vichwa vya deki, nikanasa picha na sauti, kisha kwa kuwa najua hesabu, nikatengeneza na faili la pili lililopunguzwa kasi. Ishirini na nne gawanya kwa ishirini na tano ni 0.96. Amri moja ya ffmpeg. Dakika 177 zikawa tena 184, na sauti ikashuka ilipokuwa pale shambani Bethel, New York, mwaka 1969.

Nikamwekea lile la pili. Alisikiliza dakika mbili, akanitazama kwa huruma. "Kijana wangu, huyu amechoka."

Nikamweleza Mzee habari ya NTSC na PAL, na ya picha 24 na 25, hadi mchoro nikamchorea. Alielewa yote, mtu huyu alitengeneza redio za transista kabla sijazaliwa. Akasema, "Nimekuelewa. Lakini huyu amechoka." Na kusema kweli ana hoja. Hendrix alipanda jukwaani asubuhi ya Jumatatu, tarehe 18 Agosti, tamasha likiwa limepitiliza ratiba na umati mkubwa ukiwa umeshaondoka. Huenda alikuwa amechoka kweli, na kanda ya Embu ndiyo iliyompa kahawa.

Ipi ni Woodstock ya kweli? Kwa hesabu, ile ya polepole, hilo halina mjadala. Lakini ukiniuliza ni ipi iliyoishi Embu kwa zaidi ya miaka thelathini, iliyofundisha mikono ya mtu, iliyoamua gita lisikike vipi harusini Kianjokoma, nitakujibu ni ile ya haraka. Nimeyahifadhi mafaili yote mawili. Sifuti toleo la zamani kwa sababu tu toleo jipya lina hesabu nzuri.

Baada ya kanda ilikuja diski ya VCD, na hapa sina mengi. Picha ya mistari 288, kama inayotazamwa kupitia chandarua. Diski moja inabeba dakika 74 hadi 80, kwa hiyo tamasha refu lilikatwa mara mbili au tatu, na mkataji hakujali wimbo umefika wapi. Nawajua vijana wa rika langu ambao hadi leo wakifika mahali fulani katika The Last Waltz wanajiandaa kuinuka wabadilishe diski. Kisha mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zikaanza kazi Mombasa, intaneti ikapanuka, na YouTube ikamwaga kila kitu. Leo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu anaona kwa simu, bila jenereta, kile ambacho Fundi alikitafuta mwaka mzima. Sijui kama anarudisha nyuma mara hamsini.

Sasa niwapeleke mbali kidogo na mlima, maana kuna jambo linalonikereketa: nani alipigwa picha, na picha zikabaki mikononi mwa nani.

Freddie Mercury mnamjua. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, na familia yake iliondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964. Mtu wa pwani yetu kabisa. Queen hawakuwahi kupiga Afrika Mashariki. Lakini tarehe 27 Julai 1986 walipiga Budapest, nchini Hungaria, nchi iliyokuwa bado chini ya ukomunisti. Wahungaria hawakungoja kampuni ya Uingereza iwapige picha. Studio yao ya serikali, Mafilm, ilipeleka kamera za milimita 35 uwanjani, chini ya mwongozaji wao János Zsombolyai. Mwaka 2012 filamu ile ilitolewa upya ikiwa imesafishwa, na inang'aa kana kwamba ilipigwa jana. Negativi iliyotunzwa vizuri ina mambo mengi ndani yake kuliko kanda yoyote. Ni kama kuwa na msimbo asilia badala ya programu iliyokwisha kufungwa.

Linganisha na Kinshasa. Kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974 kulikuwa na tamasha la siku tatu katika Uwanja wa 20 Mei, lililoandaliwa na Hugh Masekela na Stewart Levine ili liende pamoja na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba. Tamasha halikusogezwa. James Brown alikuwepo, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz na Fania All-Stars. Na wenyeji: Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley na Afrisa, Abeti. Miriam Makeba naye. Hebu fikiria, Franco na James Brown kwenye jukwaa moja, na kamera za milimita 16 zimejaa kila pembe, moja ikishikwa na Albert Maysles, yule aliyepiga picha filamu ya Rolling Stones ya Gimme Shelter.

Filamu ya tamasha hilo, Soul Power, ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2008. Miaka thelathini na minne baadaye! Fedha za mradi zilikuwa za wawekezaji wa Liberia, zikaingia mivutano ya pesa na sheria, na makasha yakakaa. Leon Gast alihangaika zaidi ya miaka ishirini hadi akatoa When We Were Kings mwaka 1996, ambayo ni hasa ya ngumi, na ikapata Oscar mwaka 1997. Mmoja wa waliokuwa chumba cha uhariri wa filamu hiyo, Jeffrey Levy-Hinte, aliona muziki uliobaki pembeni haujaguswa. Ndiye aliyeitengeneza Soul Power. Ina dakika 93, na ukiitazama utaona sehemu kubwa wamepewa wageni. Sauti za Waafrika wenyewe, Franco, Tabu Ley, Makeba, Abeti, zilitolewa kwa ukamilifu zaidi mwaka 2017, kwenye albamu. Franco alikuwa amefariki tangu Oktoba 1989. Tabu Ley tangu Novemba 2013.

Huku mlimani, nyumba zilizokuwa na redio zilimjua Franco kuliko zilivyomjua mbunge wao. Wazee wa Meru wanaweza kukuimbia Kilingala wasichokielewa, mwanzo hadi mwisho. Watu hawa wangeitazama filamu ya Franco mara mia. Mwaka 1974 ilikuwepo tayari, imepigwa na kufungwa kwenye makopo, bara lake lenyewe halina ufunguo. Hendrix alifika Embu kwa kanda bovu kwa sababu mahali fulani negativi yake ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na duka. Sidhani ni suala la nani alikuwa mkali zaidi wa gita.

Na sisi wenyewe je? Benga ya Kimeru na ya Kiembu ilirekodiwa, santuri nyingi zikipitia River Road, Nairobi. Sauti ipo, kwa waliobahatika. Tangu mwaka 2007 Ketebul Music pale Nairobi wamefanya kazi nzuri ya kuwafuata wanamuziki wakongwe na kamera. Lakini picha za bendi hizo zikiwa kwenye ujana wao, jukwaani, usiku wa mwisho wa mwezi, ziko wapi? Kamera nyingi na nzuri nimeziona zikija kwetu mara mbili: Kinoru kwa Madaraka ya mwaka 2018, na uwanja wa Moi, Embu, kwa Madaraka ya 2023. Kamera za serikali zinajua kutafuta kiti cha mgeni mkuu. Mpiga gita wa bendi ya burudani humwona kwa mbali, nyuma ya bendera.

Kilichobaki kiko kwenye masanduku ya wapiga video za harusi. Miaka ya 1980 na 1990 kila mji ulikuwa na mtu mmoja au wawili wenye kamera ya VHS begani, wakipiga harusi, mazishi na harambee. Popote palipokuwa na sherehe palikuwa na bendi. Kanda hizo zinakufa sasa hivi, msomaji, wala si hadithi. Huku kwetu kuna ukungu na baridi, na kuvu jeupe linaota kwenye ukingo wa mkanda. Ukiitia kanda yenye kuvu kwenye deki, unaambukiza deki na kila kanda itakayofuata. Na deki mpya hupati. Funai ya Japani, iliyokuwa imebaki ikizitengeneza, iliacha Julai 2016. Kama unazo nyumbani, zisimamishe wima kama vitabu, mahali pakavu, mbali na spika na jiko, na usizichezeshe kujaribu tu. Kila kuchezesha kunakwangua. Chezesha mara moja, ukinasa.

Nimeanza na sanduku moja la kutoka Chuka, kanda kumi na nne. Tatu zimekwisha kabisa. Sita ni harusi, na watu wanakula. Ya kumi ni harambee ya mwaka 1991. Imepigwa kwa PAL tangu mwanzo, picha 25, kwa hiyo haihitaji hesabu yangu yoyote. Mpiga video alikodiwa ampige mgeni rasmi, lakini mgeni rasmi alichelewa, kama ilivyo desturi yao. Basi kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akaielekeza kamera kwa bendi: magita matatu, ngoma moja, vijana wa suruali pana. Akawapiga picha dakika thelathini na nane. Anawakaribia, anatua kwenye mkono wa kushoto wa mpiga solo, anakaa hapo wimbo mzima kana kwamba naye anajifunza. Kwenye ngoma kuna jina la bendi, herufi mbili za mwisho zinasomeka.

Katikati ya wimbo wa saba honi zinasikika. Kamera inageuka ghafla kuelekea getini, magari yanaingia, watu wanapiga makofi. Haikurudi tena kwa bendi. Wimbo unasikika nyuma kwa dakika mbili zaidi, hadi mtu anapoambia mikrofoni, "Tunaomba muziki upunguzwe."